Vidonge vya Kibofu na Vumbi la Volkano

Goma, kila kosa la mwili tunalisukumia volkano. Ukikohoa, ni moshi wake. Tumbo likikuuma, ni maji ya mvua yaliyopita kwenye moshi huohuo. Kwa hiyo macho yangu yalipoanza kunisumbua sikutafuta mchawi mbali: ni vumbi la mawe meusi, nani asiyejua? Nikanunua miwani ya jua, nikawa nanawa kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nikaendelea kuuza vitenge vyangu sokoni.

Juani niliona vizuri. Nikiingia ndani, giza lilinikalia machoni muda mrefu, wenzangu wakiwa wameshazoea. Kanisani, herufi za kitabu cha nyimbo zilipotea katikati ya mstari. Mume wangu alinitania kwamba nimezeeka kabla yake. Nilimjibu kwamba mzee ni yule anayekoroma wakati wa mahubiri.

Siku moja nilitoka sokoni jua likiwa kali, nikaingia nyumbani kwetu Keshero na kupitiliza hadi jikoni. Kumbe sebuleni ameketi mama mkwe, aliyefika asubuhi hiyo kutoka Butembo. Nilimpita kama kiti. Kwetu mama mkwe hapitwi hivyo; hata ukiwa na mzigo kichwani, unautua kwanza, unamsalimu kwa mikono miwili. Aliposafisha koo nilirudi mbio, lakini alikuwa ameshanuna.

"Mukwe wangu, nilikukosea nini?"

"Mama, sikukuona."

"Na hii mwili yangu yote?"

Ni kweli, alikuwa mama wa kuonekana. Lakini sikucheka. Nilikuwa nimetazama kiti kile kabisa nisione mtu, na hapo ndipo nilipoogopa.

Kesho yake mume wangu alinipeleka kwa daktari wa macho. Alinitia matone, kisha akachungulia kwa taa yake.

"Mama, dawa gani unakunywaka kila siku?"

"Ya macho sinywake, dokta. Ni ile ya kibofu tu."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani, miaka mingi. Lakini macho na kibofu vinajuanaka wapi?"

Yeye pia hakucheka. Aliomba nimletee boksi la dawa.

Vidonge vile alinitumia dada yangu anayeishi Ulaya. Kibofu changu kilikuwa kikiuma na kunikimbiza chooni miaka nenda miaka rudi, na kila daktari wangu wa kibofu alipopima mkojo hakuona mdudu. Kabla ya vidonge sikuweza kukaa misa nzima, sembuse kwenda Bunagana, mpakani, kuchukua mali ya kuuza. Vidonge ndivyo vilivyonirudisha katikati ya watu, navyo nilivipenda kama ndugu.

Daktari alisoma boksi, akanieleza polepole. Dawa hiyo, mtu akiinywa miaka mingi, inaweza kuharibu sehemu ya nyuma ya jicho, ile tunayosomea. Alidhani ndiyo iliyonipata. Alizungumza na daktari wangu wa kibofu, wakakubaliana niiache. Kilichoharibika hakingerudi, na kilichobaki hakuna aliyeweza kuniahidi.

Nilikasirika wiki nzima, na sikuwa na wa kumkasirikia. Dada alinitumia kwa upendo. Mama mkwe aliposikia alinisamehe papo hapo, ila aliendelea kuilaumu volkano. Niliweka boksi mezani, nikalitazama, nikijua kwamba bila vile vidonge maumivu yatarudi na aibu nayo. Kisha nikalitoa nyumbani.

Yalirudi kweli. Safari yangu ya kwanza ya Bunagana, hatujapita hata Kibati, hapo nje ya mji tu, nilimwomba dereva asimame. Mbele kidogo nikamwomba tena. Niliporudi kutoka nyuma ya mawe, tumbo la chini likiniwaka moto, mzee mmoja aliyekaa dirishani alisema kwa sauti, gari lote lisikie:

"Huyu mama angebakia kwake. Anatupatisha aibu."

Zamani ningelia. Nilifunga kitenge changu vizuri, nikaenda kusimama mbele ya dirisha lake.

"Papa, minakuona," nilimwambia. "Uko na ndevu nyeupe, na shati yako inakosa kifungo moja. Kama ni lazima nikojoe mbele ya gari muzima ili macho yangu ibakie kukuona, basi nitakojoa mpaka Bunagana."