Nyanya Zilizomtangulia Mama

Mbegu ikiota ndani ya kopo la majarini, dirishani, imepandwa au imewekwa tu? Swali hilo lilininyima usingizi tangu nyanya zangu zichipuke.

Kwetu, karibu na Rangwe, msimu hufunguliwa kwa mpangilio: mama hutia mbegu udongoni kwanza, kisha kaka yangu mkubwa, kisha mimi wa mwisho. Anayeruka zamu huiletea nyumba mkosi. Mvua ilikuwa bado, na mimi, mwenye digrii na asiye na kazi, nilitaka miche iwe tayari itakaponyesha. Nilipanda bila kufikiria, jambo la ajabu, kwa sababu sina shughuli nyingine ila kufikiria.

Kisha mama akaanza kukohoa.

Nilijitetea kichwani: chumbani si shambani. Lakini udongo niliuchota shambani. Basi nimepanda shambani, ila shamba nimelihamisha. Nikalisukuma kopo chini ya kitanda. Miche ikarefuka ikiinamia mwanga wa mlangoni, kama inayokwenda kunishtaki.

Nikampigia simu kaka, anayebadilisha pesa mpakani Isebania, nikamweleza habari za kopo na za kikohozi.

"Omera, ndugu yangu, umepanda ama hujapanda?"

"Nimeweka tu mbegu kwenye udongo."

"Ukamwagilia?"

"Kidogo."

"Umepanda!"

"Lakini ni ndani ya nyumba."

"Hata mimba huanzia ndani ya nyumba, na mtoto huhesabiwa." Alicheka sana, kisha sauti yake ikashuka. "Mama anakohoa tangu lini?"

Kumbe na yeye aliogopa.

Asubuhi nilibeba kopo hadi jikoni, nikamweleza mama yote.

"Wuoda, mwanangu, ni moshi," alisema akikohoa. "Kuni mbichi."

"Kwa hiyo mambo ya mkosi huyaamini?"

"Sijasema siamini."

Hapo nikakata shauri. Niliing'oa miche yote, nikailaza kwenye sahani. Mama akachomeka punje ya mahindi ndani ya kopo. Kaka, sauti yake ikitoka kwenye simu niliyoiegemeza kwenye sufuria, akafukia harage katika ndoo ya mchanga kando ya barabara.

"Harakisha wewe!" alifoka. "Wateja wananiuliza nazika nini."

Ndipo mimi, wa tatu, nikairudisha miche kwenye mashimo yake yaleyale, mmoja baada ya mwingine, nikaimwagilia kana kwamba sijawahi kuiona.