Ng'ombe Aitwaye Hamsini na Nane

Musoma hakuna reli. Bunda hakuna, Butiama hakuna. Nimeambiwa hivyo mara nyingi na wateja wanaonikuta dukani kwangu Bunda, ninakouza vipuri vya pikipiki, nimekodolea macho treni ya Kijapani kwenye simu. Najua hakuna. Naangalia vilevile.

Ni vichwa vya treni vya umeme, aina ya EF58. Nilivipenda utotoni, kwenye kalenda iliyotundikwa ukutani kwa baba, Butiama. Mwaka wake uliisha lakini nilikataa kabisa ishushwe.

Baba alipofariki, ukoo ulikaa kugawana ng'ombe. Mimi, binti pekee, nilimtaka mmoja tu: jike mweusi, wa mwisho wa uzao wa ng'ombe wa bibi. Baba mdogo alitaka auzwe mnadani. Sasa kwetu humchukui ng'ombe bila kutaja mama zake mmoja mmoja, mpaka yule wa kwanza kuingia zizini, na ukiruka jina umemkosa. Baba mdogo akacheka mbele ya watu wote.

"Huyu kichwa kimejaa matreni. Haya taja, binti yangu. Au hayo matreni yako yanakamuliwaga?"

Nikasimama.

"Nianze na hayo matreni, baba mdogo."

Nikayataja kama tunavyotaja ng'ombe. Vichwa vya kwanza vilizaliwa Japani baada ya vita, wakati wa shida, vikiwa na vibaraza mbele na nyuma. Baadaye vikavuliwa mwili, vikavishwa mwingine mrefu wenye sura ya mviringo, na ndani vikawekewa boila ili abiria wasigande wakati wa theluji. Vikavuta treni za haraka kati ya Tokyo na Osaka. Viwili vikatengwa kwa safari za mfalme wao. Vilipozeeka, vingi vikakatwa vyuma chakavu, na vichache vikabaki kwa sababu watu walikataa.

Kisha, kwa sauti ileile, nikahamia zizini. Mweusi huyu kazaliwa na Madoa. Madoa kazaliwa na Pembe Moja. Pembe Moja kazaliwa na Mpiga Teke, aliyeletwa na bibi kutoka Mugango.

Baba alikuwa akiwataja kila jioni wakati wa kukamua. Macho yangu yalikuwa kwenye kalenda, masikio yalikuwa kwake.

Nilimswaga yule mweusi mwenyewe, na sikumshukuru mtu. Alipozaa jike, nikamwita Hamsini na Nane. Baba mdogo akaapa kwamba jina hilo la chuma halitatoka kinywani mwake.

Hamsini na Nane naye sasa ana mtamba mzuri sana. Juzi baba mdogo alikuja kuniomba huyo mtamba, akamilishe mahari ya mwanawe. Nikampa kiti, nikampa maziwa, nikamsubiri amalize kunywa.

"Utaratibu unaujua, baba mdogo," nikamwambia. "Taja."