Tanzia Iliyorudiwa

Siku stesheni yetu ilipouzwa, wanunuzi walituletea keki. Ilikuwa kubwa, imepakwa sukari nyeupe, na juu yake wamechora nembo ya kampuni yao kwa rangi ya buluu iliyobaki kwenye meno ya kila aliyekula. Meneja mpya alisimama mbele yetu, meno yake nayo ya buluu, akasema hakuna kitakachobadilika. Nikala kipande changu na kupiga makofi kama wenzangu.

Ilikuwa stesheni ndogo ya televisheni huku Scarborough, pembezoni mwa Toronto, kati ya gereji na ghala la mazulia. Wasomali walikuwa na kipindi chao, Watamil chao, Wafilipino chao, na sisi wa Kiswahili tulipewa nusu saa ya Jumamosi asubuhi. Mimi ndiye niliyekuwa mtangazaji. Siku za juma nilifanya kazi ya ofisi katikati ya jiji; Ijumaa jioni nilijipaka poda, nikaketi mbele ya kamera na kuwahoji watu wetu: muuguzi aliyepita mtihani wa leseni baada ya kuangushwa mara kadhaa, kwaya ya Wakongo, mzee wa Mombasa aliyefungua duka la viungo. Mwishoni nilisoma matangazo, na yaliyosikilizwa kuliko yote yalikuwa ya tanzia. Mtu wetu akifariki Toronto, jamaa zake walinipigia simu kabla hata ya kumpata kasisi. Picha ya marehemu ilionyeshwa, nami nikataja jina lake, kanisa au msikiti, na nyumba ya matanga.

Baada ya keki, mambo yalikwenda haraka. Stesheni iliachana na mtandao wa televisheni uliokuwa ukitupatia michezo na tamthilia, ikaunganishwa na mtandao wa wamiliki wapya. Taarifa za habari za jiji letu zikaanza kusomwa kutoka jiji lingine, na msomaji akatutabasamia kutangaza jua huku sisi tunakwangua barafu kwenye vioo vya magari. Studio ikafungwa. Mimi niliambiwa kwa simu kwamba kipindi "kitapumzika kidogo." Hata nafasi ya kuwaaga watazamaji sikupewa.

Lakini leseni yao iliwataka warushe vipindi vya lugha zetu kila wiki. Wakatafuta njia rahisi: walichukua vipindi vyetu vya zamani na kuvirusha upya kila Jumamosi, vilevile vilivyokuwa, bila kuandika popote kwamba ni marudio. Hakuna aliyevisikiliza kwanza. Katika jengo lile hakukuwa tena na mtu hata mmoja anayejua Kiswahili.

Jumamosi moja nilikuwa nakaanga mandazi simu ikalia. Alikuwa mama mmoja wa Bukavu, Kongo, anayekaa mtaa wa Malvern, anayefanya kazi ya kutunza wazee. Mumewe alikuwa ameanguka ghafla kazini, kwenye kiwanda cha mikate, asiamke tena. Tanzia yake niliisoma mimi, tukaonyesha na video fupi aliyopigwa akiwa hai, na kwa ruhusa ya mama huyo mpiga picha wetu alikwenda matangani. Miaka ilikuwa imepita tangu hapo.

"Dada," alisema kwa Kiswahili cha kwao, "watu banakuya hapa na chakula. Banalia. Mimi nibaambie nini?"

"Wanamlilia nani, mama?"

"Bwana yangu. Banasema bameona kwa televisheni amekufa."

Nilizima jiko, nikachukua koti.

Nilipofika, sebule ilikuwa imejaa. Kulikuwa na wali, maharagwe, na sufuria ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, ingali inatoa mvuke. Wengi wa wageni walikuwa wamehamia Toronto karibuni na hawakuwahi kumwona marehemu. Walijua tu kwamba Mkongo mwenzao amefiwa, wakaja. Mzee mmoja wa kanisa alikuwa ameshaanza kuomba. Mama yule ilimbidi asimame katikati ya nyumba yake na kueleza kwamba mumewe alizikwa zamani, kaburi lina nyasi. Alieleza, akaeleza tena kwa waliokuwa ndio kwanza wanavua viatu mlangoni. Wageni walitahayari. Wengine hawakujua kama waondoke na sufuria zao au waziache.

Binti yake alikuwa amepiga magoti mbele ya televisheni iliyozimwa. Baba yake alipokufa, alikuwa bado anabebwa mgongoni.

"Anti," aliniambia kwa Kiingereza, "nimemwona Baba. Jumamosi ijayo watamleta tena?"

Mama yake aligeukia ukuta.

Jumatatu niliomba ruhusa kazini nikaenda kumwona meneja. Ofisi yake ilikuwa juu, kwenye jengo la vioo, na alinipa maji yenye kipande cha limau. Nilimsimulia yote. Alinisikiliza huku ameinamisha kichwa upande mmoja, jinsi watu hufanya wanapotaka uone kwamba wanasikiliza.

"Pole sana," alisema. "Lakini umeona? Watu walitazama. Wakainuka, wakaenda kumsaidia mwenzao. Hiyo ndiyo televisheni ya jamii."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania.

"Mlitangaza kifo cha mtu aliyekwisha kuzikwa," nikasema.

"Hatukujua. Hatuielewi lugha yenu."

"Basi mnairusha ya nini?"

"Ni masharti ya leseni," alisema, kwa sauti ya mtu anayezungumzia ukaguzi wa mabomba.

Nikaomba jambo moja tu: nakala ya kipindi kile, mtoto amwone baba yake. Akasema maktaba yote ya picha sasa ni mali ya kampuni. Mama aandike maombi kwa kitengo cha hakimiliki, naye atatajiwa bei.

"Bei ya nini?"

"Ya matumizi."

Yaani mjane anunue sura ya mumewe kwa watu ambao jina lake hawawezi kulitamka. Niliacha maji yao mezani, nikashuka na kutoka nje kwenye upepo.

Theluji ilipoyeyuka, kampuni iliitwa na wasimamizi wa utangazaji kwenye kikao cha hadhara kuhusu leseni yake, na mwananchi yeyote aliweza kujiandikisha kusema. Tulijiandikisha. Mama yule alikuja amevaa kitenge chake kizuri, na kilemba. Wakili wa kampuni ndiye aliyeanza. Alionyesha picha kubwa ukutani kuthibitisha jinsi wanavyozipenda jamii za wahamiaji, na mojawapo ilikuwa ya mwanamke ameketi kwenye mkeka, mdomo wazi, mikono juu. Chini yake waliandika maneno kuhusu sauti zetu kusikika.

Mama alinishika kifundo cha mkono. "Dada, ule si ni mimi?"

Alikuwa yeye, matangani.

Zamu yetu ilipofika, alisema kwa Kiswahili nami nikatafsiri.

"Ule mwenye analia pale ni mimi. Siimbi. Sifurahie kampuni yenu. Bwana yangu alikuwa ndani ya sanduku, upande wenye picha haionyeshe. Nani alibapatia machozi yangu?"

Nilitafsiri bila kulainisha neno. Wakili alikuwa akitazama simu yake. Wasimamizi walimshukuru mama kwa kuja, na mmoja wao alionekana ameguswa kweli. Uamuzi ulitoka baadaye: leseni imeongezwa muda, picha ile iondolewe, na vipindi vya zamani viandikwe kuwa ni marudio. Basi.

Siku hiyohiyo ya kikao, meneja alitufuata nje ya ukumbi, mkono ameunyoosha. Alisema tumezungumza vizuri mno. Akaniuliza kama ningependa kurudi kurekodi utangulizi mfupi wa vipindi vile vya zamani, ili watazamaji wapate sura waliyoizoea.

Mama aliutazama ule mkono bila kuugusa. "Anasema nini?"

"Anataka kukusalimia."

"Umwambie nimenawa."

Nikamwambia. Na kuhusu kurudi, nikamjibu kwamba mimi pia nimenawa.

Nakala tuliipata kwa fundi wetu wa mitambo wa zamani, Mfilipino aliyeachishwa kazi pamoja nami. Alikuwa na kanda nyumbani kwake, ndani ya boksi la viatu. Tuliitazama Malvern. Marehemu alionekana kwenye pikiniki ya kanisa, anageuza nyama juu ya moto na kusema kitu kwa haraka.

"Anasema nini?" binti akauliza.

"Anasema imeungua," mama yake akajibu.

Mwaka uliofuata kampuni ile nayo ilimezwa na kubwa zaidi. Meneja alipandishwa cheo. Niliona picha yake kwenye simu, ndani ya treni, ameshika kisu mbele ya keki nyingine. Nusu saa yetu siku hizi inauza sufuria ambazo chakula hakigandi. Tanzia tunatumiana kwenye simu, na kabla ya kumpelekea mtu chakula, tunapiga kwanza kuuliza kama ni kweli.