Ziada na Rili ya Baba Mkwe

Mume wangu ni fundi. Sisemi hivyo kwa sababu kuna kitu aliwahi kukitengeneza kikapona. Nasema kwa sababu ana bisibisi. Kazi yake ya kweli ni kukata tiketi stendi ya mabasi, lakini akirudi nyumbani tu, pasi, redio na feni vinaanza kuomba dua. Atafungua, atapuliza vumbi, atakunja uso kama daktari bingwa, kisha atafunga. Mezani itabaki skrubu, au springi, au kidude ambacho hata yeye hakijui jina. Muulize. "Hiyo ni ziada, mke wangu. Kiwandani huwa wanaongeza."

Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Ziada, na yeye anadhani ni sifa. Ana kopo zima la ziada juu ya kabati letu.

Kukosea? Thubutu! Tangu anioe hajawahi kukosea. Feni iliyoanza kuvuta hewa badala ya kuisukuma ilikuwa "ya mtindo mpya." Pasi iliyomtetemesha wifi yangu hadi kitambaa kikamvuka kichwani ilikuwa "kali kidogo."

Sasa, kati ya watu wote waliojaa duniani, baba yangu akamletea mtu huyu rili yake, yaani ile mashine ndogo ya kuzungusha mshipi kwenye fimbo ya kuvulia. Baba alikuwa fundi viatu, na tangu aliposhona kiatu cha mwisho, kazi yake ni kwenda bwawani kuvua. Mama hayupo tena. Bwawa ndilo linalomtoa kitandani asubuhi. Mkwewe hamtaji kwa jina wala kwa cheo. Kwake ni "huyo bwana wako," utadhani nilimwokota njiani.

Siku hiyo aliiweka rili, ikiwa bado kwenye fimbo yake, juu ya meza yangu ya kukatia nguo, kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa kwenye mfuko wa koti, ambako umehamia tangu alipougua na mdomo ukaenda upande. Ugonjwa wenyewe yeye anauita mafua. Ukimwambia ni kiharusi, anakwambia wewe umesomea wapi udaktari.

"Imekuwa nzito," akasema. "Haizunguki. Mwambie huyo bwana wako atie mafuta kidogo. Asiifungue."

"Na isipopona, baba?"

"Fimbo nitampa jirani. Mambo ya bwawa yaishe."

Alilisema kama anayeagiza chumvi. Baba akikaa ndani kutwa nzima akitazama ukuta, namjua, hatachukua muda mrefu kumfuata mama.

Ziada akarudi, nikampa ujumbe: tia mafuta. Sasa mimi ni fundi cherehani. Chupa ya mafuta ya cherehani ilikuwa palepale, pembeni ya rili, inamtazama. Bwana mkubwa akaipita, akaenda jikoni, akarudi na mafuta ya kupikia.

"Si umesema mafuta? Haya si mafuta?"

Kesho yake rili ilikuwa inanata na inanuka kikaango. Nilimpasha! Nikamwambia samaki wakinusa harufu ile watajua moja kwa moja wanakoelekea. Akachukua bisibisi akaifungua, na mimi nikakaa chini kuiaga fimbo ya baba.

Lakini, ajabu, alifanya kazi kama binadamu. Alitandaza kitambaa, akapanga vipande kwa mstari kadiri vilivyotoka. Akavisugua kwa mswaki mkuukuu na mafuta ya taa, akavikausha, akapaka gia grisi, na kwenye beringi akadondosha tone la mafuta yangu ya cherehani. Akafunga. Mezani hapakubaki kitu. Nilichungulia hadi chini ya kiti.

Akazungusha hendeli, ikateleza bila sauti. Badala ya kujisifu, akaizungusha tena.

"Gia zilikuwa nzima," akasema baadaye. "Hata kabla ya yale mafuta yangu ilikuwa laini. Niliijaribu uliponipa."

"Sasa baba analalamikia nini?"

"Huwa anazungusha kwa mkono gani?"

"Wa kushoto. Miaka yote."

"Ahaa," akasema, akachukua tena bisibisi. Mimi nikaenda kulala, nimechoka na mafundi.

Asubuhi baba akaja. Akaitazama rili, akaigeuza, na mimi nikaona. Jamani! Hendeli ilikuwa upande wa kulia. Nilitamani ardhi inimeze.

"Hii nini?" baba akauliza.

Nikasubiri mtindo mpya. Nikasubiri kiwanda.

"Nimekosea, baba," Ziada akasema, kichwa chini. "Nimeifunga kinyume. Na skrubu imebana, haitoki tena. Nisamehe."

Nilimgeukia kuona kama ni yeye. Neno hilo sikujua kama analo.

Baba akasonya. Akakaa, akalaza fimbo juu ya paja, akaikandamiza kwa ule mkono wa kushoto ulioshindwa kubana hata kifungo cha shati. Kwa mkono wa kulia akazungusha. Mshipi ukaja. Akauvuta nje, akazungusha tena, na tena, mpaka nikageuka kuikunja nguo ambayo tayari ilikuwa imekunjwa.

"Kazi ya ovyo kabisa," akasema mwishowe. "Basi, umeshaharibu, utafanyaje? Nitazoea tu." Akainuka, fimbo mkononi. Mlangoni akasimama. "Kesho nakwenda bwawani. Na wewe, mkwe, uje unibebee ndoo. Umenitia hasara ya kutosha."

Mkwe! Nilishika meza.

Alipokwisha kutokomea nikamkabili mume wangu. "Ile skrubu imebana kweli?"

"Inatoka kwa kidole," akasema. "Na usimwambie mtu."

Sikumwambia mtu. Mtaani bado wanamcheka, kwamba safari hii Ziada kafunga rili ya mkwewe nyuma mbele, na baba ndiye anayeisimulia kwa sauti kuliko wote, kila akirudi na samaki wake. Ziada mwenyewe anacheka nao. Juzi ameifungua saa yangu ya ukutani na kubakiza mshale wa dakika. Nimemwambia autie kwenye kopo.