Maji ya Bibi, Mafuta ya Songwa

Mafuta yaliyosahaulika motoni yana harufu yake, kali, ya kukwaruza koo, inayofika puani kabla macho hayajaona moshi. Niliijua harufu hiyo Songwa, miaka ya hamsini, baba alipopata kazi kwenye mgodi wa almasi akatuhamishia kwenye nyumba za wafanyakazi. Nilikuwa na miaka minane. Kabla ya hapo nililelewa na bibi mzaa mama, kijijini Nyahanga, karibu na Kahama, katika jiko la nyasi ambamo kila kitu kilichemshwa: ugali, mlenda, michembe ya viazi vilivyokaushwa. Bibi aliogopa moto kuliko fisi. Mtungi wa maji haukukauka mlangoni, na kila asubuhi alinikumbusha, kwa Kisukuma chake cha taratibu, kwamba moto ukitoka mafigani nisingoje kuita mtu, nimwage maji kwanza. Cheche iliporukia nyasi nilimwaga, ikafa. Sikuwa na sababu ya kumtilia shaka.

Songwa mama alijifunza kukaanga. Aliyemfundisha ni jirani yetu Mama Asha, mwenyeji wa Tabora. Jumamosi moja alasiri mama aliteleka karai la mafuta ya maandazi, akaniambia nitazame moto, akaenda kwa Mama Asha kuazima kijiko cha kuopolea. Alikawia. Ikaja harufu, ukaja moshi, kisha mafuta yenyewe yakawaka, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Nikafanya nilivyofundishwa: nikachota kata ya maji, nikamwaga.

Moto ulipanda hadi kwenye bati. Mama, aliyekuwa ndiyo kwanza anafika mlangoni na Mama Asha, alinivuta nyuma, na mafuta yaliyoruka yakamwangukia yeye mkononi. Mama Asha akalifunika karai kwa sinia, akavuta kuni pembeni, moto ukafa kimya kimya. Kisha akauchukua mkono wa mama akauzamisha kwenye ndoo ya maji, maji yaleyale niliyochota mimi. Hapo akili yangu ikavurugika kabisa.

“Mafuta yakiwaka hufunikwa, hayamwagiwi maji,” Mama Asha aliniambia bila ukali. “Nani alikufundisha hivyo?”

Nikasema ni bibi. Wahenga husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilikuwa nimesikia, na aliyeumia ni mama.

Baada ya mavuno bibi alikuja kututembelea. Aliliona kovu mkononi mwa mama, akauliza limetoka wapi. Nikainamisha kichwa kungoja aibu yangu.

“Ni mvuke wa uji, mayu,” mama alimjibu mama yake.

Bibi akasikitika, kisha akanigeukia na kuniuliza kama bado naweka maji karibu na moto. Nikamtazama mama, yeye akaendelea kupepeta mchele. Nikasema ndiyo. Bibi akanisifu.

Siku hizi wajukuu zangu mjini Shinyanga wanapikia gesi. Nimewafundisha kwamba mafuta hayaachwi peke yake jikoni, na kwamba yakishika moto mtu huzima jiko, hufunika, wala haligusi karai mpaka lipoe. Maji ni ya kuni na nyasi. Wameelewa kwa siku moja kilichonichanganya utoto mzima. Ila wakiniuliza kwa nini mama alidanganya, nawaambia labda alimwonea bibi haya, labda alinikinga mimi. Alifariki sijamuuliza. Bibi alitangulia, akiamini mpaka mwisho kwamba mafunzo yake ndiyo yaliyotulinda.