Mgema Asiyeitika Akiwa Juu

"Mama Rahmi, weka chini hicho kijiko unisikilize. Daeng Rala kazimia juu ya mtambo wa upepo!"

Daeng Bollo, jirani wa mkono wa kulia, alikuwa hajafika hata kwenye nguzo ya kwanza ya nyumba, na habari zilikwisha kumtangulia. Haslinda alikuwa chini ya nyumba yake ya nguzo, mahali pake pa kila siku, anakaanga ndizi za kuuza. Mwanawe Rahmi alilala kwenye bembea ya kitambaa iliyoning'inizwa kwenye boriti, na mama akiibembeza kwa kamba aliyojifunga kwenye kidole cha mguu.

"Nani kakwambia, Daeng?" Haslinda akauliza, kwa lile neno la heshima wanaloitwa watu wazima wote kijijini, wake kwa waume.

"Wa kuniambia ni wengi. Vijana wa chuo wamemshusha kwa kamba, kafungwafungwa kama gunia la chumvi. Wengine wanasema alijikojolea. Mimi hilo silisemi."

"Umeshalisema."

"Nimesema kwamba silisemi."

Haslinda akarudi kwenye sufuria yake na kukuta ndizi zimeungua upande mmoja. Akazigeuza ule upande wa makosa uangalie chini, kama anavyofanya siku zote, ingawa wateja wake wote wanaujua ujanja huo na hakuna aliyewahi kudanganyika.

Habari ile ilimchoma. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na huyu mgema kijiji kizima cha Bontoraya kilimsifu. Kuna asiyemjua? Asubuhi na jioni yuko juu ya miti ya mivumo, kisu kiunoni, mianzi ya utomvu mgongoni, na sukari guru ya mkewe ndiyo inayokoleza vitumbua vya watu. Lakini mivumo yake imezeeka, haitoi tena, na magoti yake nayo yameanza kusema. Chuo kilipofunguliwa mjini kufundisha mafundi wa ile mitambo iliyoota vilimani, juu ya mashamba ya chumvi, Daeng Rala akaenda kuomba nafasi. Walipomuuliza kama ana uzoefu wa kupanda, alicheka mpaka akakohoa. Akifuzu, atapata kazi ya kudumu na atalala kwake. Asipofuzu, atafuata njia waliyoifuata wanaume wengine, mume wa Haslinda akiwa mmojawapo: viwanda vya nikeli, ng'ambo ya milima, kuonana Idi kwa Idi.

Siku ya kuondoka kwake Haslinda alimfungia ndizi za moto na kumwambia, "Daeng, hao waalimu ndio watakaojifunza kwako." Sasa alitamani angemfungia ndizi tu na mdomo akaufunga.

Alasiri Daeng Rala akaja mwenyewe, viatu vya chuo kavining'iniza shingoni. Pale palikuwa na wavuna chumvi wawili watatu, na Daeng Bollo, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajakumbuka kwenda kwake.

"Haya, maiti imekuja kula ndizi," akasema kabla hajaanza mtu. "Pilipili ipo?"

"Pole, Daeng," Daeng Bollo akasema kwa sauti ya msibani. "Tumesikia ulizimia."

"Kuzimia ni heshima, dada yangu. Aliyezimia halaumiwi. Mimi nilikuwa macho mwanzo hadi mwisho, na hiyo ndiyo aibu yenyewe. Tena hata si juu ya mtambo. Ni mnara wa mazoezi, mfupi kuliko mvumo wangu wa nyuma ya jiko."

Akachovya ndizi kwenye pilipili, akatafuna, akaona wote wanamngoja.

"Kwanza nilipofika chini ya mnara nilivua viatu. Mwalimu Tandi, yule mpole wa kabila la Toraja, akaniuliza, 'Daeng, unaingia msikitini?' Nikavaa. Nikafunga mkanda, nikapachika kulabu zote, nikapanda. Juu raha! Naona mpaka baharini. Nikawaza, kwa kazi hii ndiyo watu wanalipwa? Basi redio ya upepo ikalia kifuani: 'Rala, uko salama?'"

Pale chini ya nyumba wote wakamsogelea. Mgema wa Bontoraya akiwa juu haitwi, na akiitwa haitiki. Anayeita kutoka chini huenda si mtu. Ukimwitikia umempa mkono, naye atauvuta. Mgema hufunga mdomo wake penye shina na kuufungua miguu ikigusa ardhi. Hata nyumba ikiungua, mkewe atamngoja ashuke ndipo amwambie.

"Sasa ulifanyaje?" akauliza mvuna chumvi mmoja.

"Nilikaza meno. Mwalimu akaita tena, nikayakaza zaidi. Na sheria yao ndiyo hiyo, asiyeitika amepatwa na jambo, akaokolewe. Wakapanda vijana, na mmojawao mimi nimekula pilau ya harusi ya baba yake. Sasa nitawaambiaje kwamba mimi mzima? Nikawakonyeza."

"Ukawakonyeza!"

"Nikawakonyeza sana. Kijana mmoja akapiga kelele, 'Jicho linacheza, amepata kiharusi!'"

Mvuna chumvi akapaliwa na ndizi, mwenzake akampiga mgongoni huku naye anacheka.

"Wakanifunga, wakaniteremsha polepole kama yai. Miguu ilipogusa chini nikawaambia, 'Jamani, mimi sina neno.' Yule kijana akaangua kilio. Alidhani nimefufuka."

Walicheka mpaka Rahmi akashtuka usingizini na Haslinda akaivuta kamba haraka. Yeye pia alicheka, akijifuta machozi kwa ncha ya mtandio, lakini jicho lake lilibaki kwenye mikono ya Daeng Rala. Mdomo ulikuwa unachekesha watu, na vidole vilikuwa vinafungua kamba za viatu na kuzifunga tena, kuzifungua na kuzifunga.

Adhana ilipolia watu wakatawanyika. Daeng Bollo aliondoka wa mwisho, huku anageukageuka. Daeng Rala hakuinuka.

"Jumatatu napanda tena," akasema, na sauti haikuwa ile ya mzaha. "Mwalimu amesema nisipoitika ndiyo basi. Chuo hakiwezi kumpeleka mtu juu asiyesema kama ni mzima. Ana haki. Ningekuwa yeye ningenifukuza jana hiyohiyo."

"Si uitike tu, Daeng?"

"Najaribu, mwanangu. Koo linajifunga lenyewe. Jana usiku nilisimama kwenye ngazi ya nyumba, kipandio cha pili tu, nikamwambia mama watoto aniite."

"Akakuita?"

"Alinitupia mwiko. Akasema hawezi kujifanya mjane kwa mdomo wake mwenyewe."

Haslinda alitaka kusema neno la kumfaa, lakini maneno ya kufaa yeye humjia keshokutwa yake. Sauti yake watu hawaisikii hata kwenye kikao cha akina mama, na sokoni hupitwa na foleni akiwa amesimama mbele. Akaanza kupanga ndizi zilizobaki, zilizoungua chini, nzuri juu.

Kwenye bembea Rahmi akaguna.

"Nipo, mama, nipo," Haslinda akaitikia bila kuinua kichwa. Mtoto akatulia.

Daeng Rala akaacha kamba za viatu.

"Hivyo," akasema. "Hivyo hivyo."

"Hivyo nini?"

"Nikiwa juu nasikia kijiji kizima. Namsikia Daeng Bollo anaupika uvumi kabla haujaiva. Nakusikia na wewe. Mtoto akiguna tu, wewe nipo. Uko jikoni, nipo. Una ndoo kichwani, nipo. Hujiulizi kwanza anayeita ni nani."

"Namjua ni nani, Daeng. Ni mtoto wangu."

"Na mimi nataka kuitwa na sauti ninayoijua. Sauti yako nimeisikia tangu huyu azaliwe, haijamvuta mtu chini."

Haslinda akaishika kamba ya bembea. "Na ukianguka? Watasema nani alimwita?"

"Nitavaa mkanda, chuo kimeniazima. Nikiteleza nitaning'inia kama Rahmi, utanibembeza kwa kidole." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Kesho, jua likitoka, njoo chini ya mvumo wangu wa nyuma ya jiko. Njoo na mtoto. Uniite kwa sauti, Rala tupu, bila Daeng, kama anavyoniita mwalimu. Najua hujawahi kumwita mtu mzima hivyo. Niite, mwanangu, wala usinyamaze mpaka nikuitikie."

Akainuka, viatu vikarudi shingoni. Hatua chache mbele akageuka.

"Na nakuomba, Daeng Bollo asijue."