Baraza ya Mwanarusi

Mwaka ule wa mgeni mkubwa kutoka Ulaya, miaka mitano baada ya reli kufika ziwani, wakubwa wa mji waliingiwa na wazimu wa usafi. Mtaa wote wa Ndia Kuu upakwe chokaa. Kila baraza ya biashara mbele ya nyumba, mwenyewe asimame juu yake siku ya ukaguzi aandikwe jina. Isiyo na mwenyewe ivunjwe, gari la mgeni lipate nafasi. Mimi nilikaa nyumba inayotazamana na ya Mwanarusi, na hadi leo nikikumbuka hasira hunipanda.

Mwanarusi alikuwa muoka mikate ya mofa. Tanuri la udongo alilijenga kwa mikono yake pembeni mwa baraza, na ndilo lililomlisha. Lakini mumewe, Yeslam, alikuwa amefariki siku arubaini nyuma, naye yumo edani: amevaa nyeupe, haonwi na mwanamume asiye maharimu wake, hatoki mlangoni hata itimie miezi minne na siku kumi. Unga akiukanda ndani, akimpitishia Mbodze, kibarua wake kutoka Rabai, aoke na kuuza.

Siku ya kuamkia ukaguzi alikuja Zein, nduguye marehemu, akasimama nje ya mlango.

"Shemeji, usijitaabishe. Kesho nitasimama mimi."

"Na jina litaandikwa la nani?"

"Jina ni karatasi tu, shemeji."

Karatasi tu! Mtu amekwisha patana na seremala aje aweke rafu za duka la nguo pale pale, na mtaa mzima tunajua. Mwanarusi alijua. Bi Saadia, mama yao Zein na Yeslam, aliyekaa nyumba moja na mkwewe, alijua pia. Akavuta tasbihi yake. Mwanarusi hakuthubutu kumuuliza yuko upande gani. Wana walikuwa wawili, amebaki mmoja.

Asubuhi karani akaja na watu wa sururu. Nyumba ya tatu kutoka kwetu, mshona kofia alikuwa safarini Lamu. Baraza yake ikavunjwa tukiitazama, vumbi likatuingia machoni. Kila pigo nilikuwa naona mlango wa Mwanarusi ukitikisika, na kitambaa cheupe kwenye upenyo. Nilihofu kwa ajili yake, wallahi.

Wakafika.

"Baraza ya nani hii?"

"Yangu," akasema Zein. "Ndugu yangu amefariki."

Karani akachovya kalamu. Mlango ukafunguka, Mwanarusi akatoka juani mbele ya wanaume wote wale, uso wazi, mikono ina unga.

"Andika Mwanarusi. Tanuri nililijenga mimi, na mofa ni kazi yangu."

Zein uso ulimwiva.

"Shemeji, una eda ya ndugu yangu. Umetuvua nguo mbele za watu. Karani, huyu ana msiba, hajui asemalo."

Karani akamtazama huyu, akamtazama yule, kalamu iko juu. Watu wa sururu wakasogea.

Hapo akatoka Bi Saadia, ameshika fremu ya mlango.

"Huyu ni mwanangu," akamwambia karani, akimwonyesha Zein, "na amesema uongo. Mwandike huyo mwanamke."

Karani akaandika. Bi Saadia akamgeukia mkwewe. "Ingia ndani, mwanangu, umalize eda yako. Hapa nitakaa mimi."

Akaketi kando ya tanuri, mwanamke asiyewahi kukaa barazani tangu aolewe.

Mgeni alipita siku ya tatu, hata kichwa hakugeuza. Alasiri Zein akaja kuchukua mkate wake wa mofa kama kawaida yake, akanyosha mkono. Mamake akamwambia:

"Kanunue kwengine."

Zein akaenda zake. Bi Saadia akajifunika ushungi usoni akalia, na Mbodze akaendelea kuuza peke yake.